Unguja hadi Dodoma: kilomita za ramani na saa za njiani

Maalim wa Kikwajuni

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Binti yangu amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na kwa kuwa hajawahi kulala nje ya kisiwa hiki isipokuwa kwa bibi yake Pemba, mama yake ameniuliza swali ambalo mimi, niliyesomesha jiografia skuli kwa miaka mingi, nilidhani ningelijibu bila ya kuinuka kitini: kutoka hapa hadi Dodoma ni mbali kiasi gani? Nilifungua simu, nikaandika majina ya miji miwili, nikajibiwa papo hapo kwamba ni kilomita mia tatu na themanini na kitu, na kwamba ndege huchukua muda usiofika saa moja. Nilipotafuta njia ya gari nililetewa mstari wa buluu uliokatiza baharini, kana kwamba mkondo wa Unguja umekwisha kutiwa lami.

Mwaka juzi mimi mwenyewe nilikwenda huko kwa harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Nilifunga mlango wa nyumba baada ya sala ya Alfajiri, nikapanda boti ya kwanza, nikatafuta basi Dar es Salaam, na nilipopiga hodi kwa mwenyeji wangu Ipagala, huko huko Dodoma, watu walikuwa wamekwisha kusali Isha na kula. Kati ya huo muda usiofika saa moja na siku nzima iliyoniishia njiani kuna jambo ambalo kurasa hizo hazilisemi.

Sikatai kwamba kilomita zenyewe ni sahihi, kwani nimezipima kwa njia yangu. Kila Ramadhani humpigia simu ndugu yangu mara tu baada ya kufuturu, naye hunijibu kwa sauti ya mtu aliyekauka koo, kwa sababu kwao jua halijachwa bado. Tofauti ya Magharibi baina yetu ni kiasi cha dakika kumi na nne. Mji Mkongwe na Dodoma ziko katika latitudo moja, kiasi cha nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo tofauti hiyo haibadiliki na majira ya mwaka bali inatokana na longitudo peke yake. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa kila dakika nne, na dakika kumi na nne ni nyuzi tatu na nusu. Katika latitudo yetu uzi mmoja wa longitudo ni karibu kilomita 110 na nusu. Ukizidisha unapata kilomita 387, na hapo tende yangu na tende ya ndugu yangu zimekubaliana na satelaiti.

Ninachokihitaji kwenu, hasa kwa wale wanaokwenda na kurudi, ni hesabu ya namna nyengine: tangu mtu anapofunga mlango wake hadi anapopiga hodi kule, kwa boti na treni, kwa boti na basi, na kwa ndege. Tafadhali andikeni saa mlizozitumia nyinyi wenyewe, siyo zile zilizobandikwa kwenye matangazo.

Hesabu Kwanza

Wa alaykumu ssalaam, Maalim. Kipimo cha tende kimenifurahisha, lakini naomba ruhusa nikisahihishe kidogo. Ratiba za sala huandikwa kwa dakika kamili, na dakika moja ya mwendo wa jua katika latitudo yetu ni karibu kilomita 28 za ardhi, kwa hiyo kipimo chako kinaweza kukosea kwa kilomita ishirini na zaidi bila ya wewe kujua. Safari hii umebahatika. Ukipima baina ya viwanja vya ndege, yaani ule wa Abeid Amani Karume hapa Kisauni na ule wa Dodoma, mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 384, sawa na maili za baharini 207, na karibu wote unaelekea magharibi tupu.

Kuna jambo ambalo watu hulibisha kila ninapolisema, nalo ni kwamba kwa mstari huo Unguja iko karibu zaidi na Dodoma kuliko ilivyo Dar es Salaam. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Dodoma ni kiasi cha kilomita 389. Tofauti ni ndogo, lakini ipo, na sababu yake ni kwamba Dar iko kusini yetu kwa zaidi ya kilomita 70 ilhali Dodoma iko magharibi yetu moja kwa moja.

Tatizo ni kwamba hakuna anayekwenda magharibi. Sisi sote tunateremka kusini kwanza, tukafika Dar, ndipo tukageuka kupanda tena kaskazini-magharibi, na safari yetu imekaa kama mkono uliokunjwa ambao kiwiko chake ni Dar. Kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja hadi bandari ya Dar ni kiasi cha kilomita 74, na reli mpya kutoka Dar hadi Dodoma ni karibu kilomita 460, hivyo jumla inakuwa kilomita 534. Kwa maneno mengine, kwa kila kilomita kumi za ramani unakwenda karibu kumi na nne za kweli. Hata abiria wa ndege anayebadilisha Dar hasalimiki na kiwiko hicho, kwani kwake ni kilomita 73 za kushuka na 389 za kupanda, jumla 462.

Kwa hiyo simu yako haikusema uongo, ila imejibu swali la kunguru, anayeruka moja kwa moja bila ya kupinda.

Abiria wa Treni

Shikamoo, Maalim. Mimi niko mwaka wa tatu katika chuo hicho hicho, na nyumbani ni Mwanakwerekwe. Baba yangu ana tabia kama yako ya kutaka kila kitu kiandikwe, kwa hiyo saa za safari yangu ya mwisho ninazo kwenye daftari.

Nilitoka nyumbani saa 11:40 alfajiri na kufika Malindi saa 12:05. Boti iliondoka saa 1:00 na kufunga kamba Dar saa 2:50, lakini hadi nilipopata begi langu na kutoka nje ya geti ilikuwa saa 3:15. Kutoka bandarini hadi stesheni ya SGR, yaani ya treni ya hiyo reli mpya, hakufiki kilomita moja na nusu, nikachukua bajaji kwa sababu ya mizigo. Treni niliyokuwa nimeikatia tiketi iliondoka saa 5:45, kwani sikuthubutu kukata ya mapema zaidi nikihofia boti kuchelewa, na ilifika Dodoma saa 9:35. Nilipoufungua mlango wa chumba changu chuoni ilikuwa saa 10:20 jioni.

Jumla ni saa 10 na dakika 40. Hata hivyo, ukihesabu muda ambao chombo kilikuwa kinakwenda kweli, boti ni saa 1 na dakika 50 na treni ni saa 3 na dakika 50, yaani saa 5 na dakika 40 tu. Saa tano zilizobaki nilikuwa nimekaa juu ya begi, nimesimama kwenye foleni ya ukaguzi, au niko ndani ya bajaji. Hilo ndilo ambalo ningependa mdogo wangu huyo alijue kabla ya kuondoka, kwa sababu katika safari hii uchovu unaletwa na kungoja.

Treni yenyewe ilianza kubeba abiria hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, baada ya kutangulia kwa safari za Morogoro mwezi Juni mwaka huo huo, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Inaweza kufika kilomita 160 kwa saa, na mwendo huo huonekana kwenye kioo kilichoko juu ya mlango wa behewa, lakini ukigawa kilomita 460 kwa muda niliotumia utapata wastani wa kilomita 120 kwa saa, kwa sababu treni ya kawaida husimama Pugu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa na kwengineko. Iko pia ya haraka isiyosimama sana, nayo hupunguza karibu nusu saa. Akipata kiti cha dirishani asilale kabla ya mahandaki ya Kilosa.

Mpanda Mabasi

Mimi nitasema ya basi kwa ufupi, kwa kuwa Maalim mwenyewe ameyaonja. Barabara kutoka Dar hadi Dodoma, kupitia Kibaha, Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa, ni kiasi cha kilomita 450. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makaazi ya watu ni 50. Hata kama lingekwenda kwa 80 bila ya kugusa breki tangu Dar hadi Dodoma, lingechukua saa tano na dakika arubaini, na sote tunajua kwamba haliwezi, kwa maana kila kijiji kina matuta yake na kila mzani una foleni yake. Hesabu saa saba ikiwa una bahati, nane kwa kawaida, na tisa ukikutana na malori mengi.

Kosa wanalolifanya watu wetu wa Unguja ni kudhani kwamba basi liko bandarini. Mabasi ya mikoani huondokea kituo cha Magufuli kilichoko Mbezi Luis, ambacho kiko kiasi cha kilomita 25 kutoka katikati ya jiji, na kutoka bandarini hadi huko kwa gari ni saa nzima au zaidi ikitegemea foleni ya magari. Abiria aliyeshuka boti saa tatu hawezi kuondoka Mbezi kabla ya saa tano, akiongeza saa nane anafika Dodoma saa moja usiku, na kituo cha mabasi cha kule kiko Nanenane, si katikati ya mji, kwa hiyo hapo pia anahitaji gari nyengine. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kwenda usiku kucha, na wapo wanaopanda boti ya mwisho na kusafiri usiku ili wafike alfajiri. Kwa kijana wa kiume sina neno. Kwa msichana anayekwenda mara ya kwanza nisingelishauri.

Mama wa Kiembesamaki

Ndugu zangu, mbona mmeiruka ndege kana kwamba ni ya mawaziri peke yao? Mimi magoti yangu hayawezi ngazi za boti, na Dodoma naenda kwa mwanangu mara mbili kwa mwaka, daima kwa ndege.

Siku iliyokwenda vizuri kuliko zote nilitoka nyumbani saa 1:30 asubuhi na nilikuwa nakunywa chai kwa mwanangu saa 6:15, yaani saa 4 na dakika 45. Humo angani nilikaa dakika ishirini hadi Dar na kiasi cha saa moja kutoka Dar hadi Dodoma. Uwanja wa Dodoma uko ndani ya mji hasa, unatoka nje na tayari umefika, na hilo ni faraja ambayo itaondoka siku safari zitakapohamia uwanja mpya wa Msalato, ambao uko nje ya mji upande wa kaskazini.

Siku iliyokwenda vibaya nayo niieleze, ili isije ikasemwa kwamba nazipamba ndege. Nilikata tiketi mbili mbalimbali, moja ya kunifikisha Dar kwa kampuni moja na nyengine ya Dodoma kwa kampuni ya pili, kwa kuwa nilipozijumlisha zilikuwa rahisi zaidi. Ile ya kwanza ilichelewa kwa saa mbili na dakika kadhaa. Nilipofika Dar ndege ya pili ilikwisha kuondoka, na kwenye dirisha la kampuni hiyo niliambiwa kwa adabu kabisa kwamba wao hawana habari na jinsi nilivyofika pale, tiketi imepotea, ninunue nyengine. Nililala Dar kwa shemeji yangu na nikafika Dodoma siku ya pili saa nne asubuhi. Ukihesabu kutoka mlango hadi mlango, safari ile ya ndege ilichukua zaidi ya saa ishirini na nne, na Maalim na basi lake wangenipita.

Kwa hiyo anayetaka ndege akate tiketi moja inayofika hadi Dodoma, hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu hapo anayekuchelewesha ndiye anayedaiwa kukufikisha. Akikata mbili, basi baina yake aweke saa nne, na faida ya haraka imekwisha kuliwa.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote, na naona kila mmoja ameandika muda wa boti kama vile bahari ni meza. Kutoka Malindi hadi Dar ni maili za baharini arubaini. Boti inayokwenda noti 25, yaani maili 25 za baharini kwa saa, itazimaliza kwa saa moja na dakika 36, lakini hizo ni noti za majini, na maji yenyewe hayakai mahali pamoja. Mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kuelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, ambapo upepo nao unatoka kusini, mkondo huo huongezeka nguvu. Anayekwenda Dar mwezi wa Julai ana upepo usoni na maji usoni. Boti ile ile iliyotumia saa moja na dakika arubaini siku bahari ilipotulia inaweza kutumia saa mbili na robo, tena kwa kupunguza mwendo makusudi ili abiria wasiumizwe na mawimbi.

Zipo siku ambazo haiondoki kabisa, na mtu asiye wa baharini hukasirika. Mwezi wa Julai mwaka 2012 meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar, ndani ya kusi. Tangu siku hiyo mimi nikiambiwa safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, hurudi nyumbani bila ya kuuliza swali.

Maalim, vyuo hufunguliwa karibu na Oktoba na Novemba, na huo ni wakati wa maleleji, kusi limelegea na kaskazi halijashika. Binti atavuka vizuri. Akae chini, kati, kuelekea nyuma, na asisome simu.

Mtoto wa Wete

Nyinyi wa Unguja mnalalamikia kiwiko kimoja. Sisi wa Pemba tuna viwili, na hakuna aliyetutaja.

Kutoka uwanja wa ndege wa Pemba hadi Dodoma mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 460. Lakini kwanza ni lazima twende Unguja, ambako kwa ndege ndogo ni kilomita 125 na nusu saa hivi, na kwa bahari ni kiasi cha kilomita 100 kutoka Mkoani hadi Malindi, ambazo huchukua saa tatu au zaidi kulingana na chombo. Mimi natoka Wete, kwa hiyo kabla ya bahari nina barabara ya kwenda Mkoani, kisiwa kizima kutoka kaskazini hadi kusini, na gari ya abiria haiondoki mpaka ijae. Boti haiungani na boti kwa siku moja isipokuwa kwa bahati. Kwa kawaida mtu wa Wete hulala Unguja kwa jamaa, na asiye na jamaa hulipa nyumba ya wageni. Hesabu yangu ya mwisho, kwa vyombo vya majini na treni, ilikuwa siku moja, usiku mmoja, na siku ya pili hadi alasiri.

Sasa Hesabu Kwanza atazame ramani yake vizuri. Wete na Tanga ziko katika latitudo moja kama vile Mji Mkongwe na Dodoma, na baina yao ni kiasi cha kilomita 68 tu, pungufu ya zile za Malindi na Dar. Boti ya Tanga ipo, lakini haipo kila siku, na ukishafika Tanga hakuna treni ya abiria ya kukupeleka Dodoma, bali basi la kupitia Segera, Chalinze na Morogoro, ambalo kwa hesabu yangu ni karibu kilomita 590. Nimeijaribu njia hiyo mara moja. Bahari ilikuwa fupi na nzuri, na barabara ilinifanya niijutie bahari.

Hesabu Kwanza

Nimetazama, ndugu yangu wa Wete, na uko sahihi kwa kila tarakimu. Naomba radhi kwa kuisahau Pemba, jambo ambalo najua mmelizoea na si haki mlizoee.

Mkaazi wa Shangani

Niruhusuni niingize jambo la zamani, kwa sababu linahusu kiwiko chenyewe. Misafara iliyokuwa ikitoka hapa kwenda Ugogo, Tabora na Ujiji katika karne ya kumi na tisa haikupitia Dar. Watu na bidhaa zilivushwa hadi Bagamoyo, ambako kutoka Mji Mkongwe ni kiasi cha kilomita 44, na kutoka huko wakaelekea magharibi kwa miguu kupitia upande wa Mpwapwa. Kwa sura ya njia, wapagazi wale walikwenda karibu na mstari wa Maalim kuliko sisi. Kwa muda, bila shaka, ilikuwa ni wiki nyingi, na si wote waliofika.

Waliotukunja mkono ni Wajerumani. Mwaka 1905 walianza kujenga reli ya kati kutokea Dar, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo barabara ya lami, mabasi, na sasa treni ya umeme, vyote vimefuata alama zile zile. Mji wa Dodoma ulipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, mojawapo ya sababu ilikuwa ni kwamba uko katikati ya nchi, lakini kwa sisi wa visiwani katikati hiyo hufikiwa kwa mlango mmoja tu.

Leo iko barabara ya lami ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo hadi Msata, na kutoka Msata mtu anateremka Chalinze bila ya kuiona Dar. Kungekuwa na boti ya kasi ya abiria kati ya hapa na Bagamoyo, kiwiko kingenyooka kwa kiasi kikubwa.

Nahodha Mstaafu

Ndugu yangu wa Shangani, asije mtu akasoma hapo akapanda jahazi la mkaa kwenda Bagamoyo. Maji ya pale ni haba, mchanga umejaa, na chombo kikubwa hakikaribii. Ndiyo sababu meli ziliikimbia.

Bibi Saa

Salaam kwenu. Nimesubiri mtu alitaje hili na sijaona. Tiketi zote, za boti, za treni na za ndege, huandikwa kwa saa za kizungu. Palipoandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi, na palipoandikwa 13:00 ni saa saba mchana. Mpwa wangu aliyeishi shamba Makunduchi miaka yote alikwenda Malindi saa saba mchana akiwa na tiketi ya 07:00, akawa anashangaa bandari imetulia. Maalim, mwandikie binti yako saa za Kiswahili kwa kalamu nyuma ya kila tiketi, hata kama atakucheka. Na kitambulisho awe nacho mkononi, asikizike ndani ya begi kubwa, kwa kuwa atakitoa bandarini, atakitoa stesheni, na kila mara nyuma yake patakuwa na watu hamsini wenye haraka.

Maalim wa Kikwajuni

Ndugu zangu, nimerudi kuandika yaliyotokea, kwa maana nilikuombeni saa za kweli na nina deni la kulipa yangu.

Tulikubaliana na mama yake kwamba nimsindikize hadi Dar na yeye apande treni peke yake, kwani upande wa pili ndugu yangu angempokea. Tulifunga mlango saa 11:25 alfajiri. Boti ilitumia saa moja na dakika 42, na bahari ilikuwa kama Nahodha alivyosema. Tulitoka bandarini saa 3:05. Nilikuwa nimemkatia treni ya saa nne na nusu, nikiwa na moyo mkubwa kuliko Abiria wa Treni, na nakiri kwamba kuanzia Malindi nilikuwa natazama saa kila baada ya dakika mbili. Tulifika stesheni saa 3:20, ukaguzi wa mizigo ulichukua dakika thelathini na tano, na nilimuaga akiwa bado na nafasi ya kununua maji. Treni ilifika Dodoma saa 8:25 mchana. Ndugu yangu alichelewa kumfuata, nilitarajia hivyo, na binti alipiga hodi Ipagala saa 9:20 alasiri.

Ni saa tisa na dakika hamsini na tano. Kilomita 384 za ramani kwa muda huo ni wastani wa kilomita 39 kwa saa, mwendo wa vespa iliyochoka. Mama yake ameridhika, na ameiandika hesabu hiyo kwenye kalenda ya jikoni.

Alipotupigia simu baada ya kupumzika, muadhini wa msikiti wetu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza Magharibi, na kule aliko, kwa maneno yake mwenyewe, jua lilikuwa bado liko juu ya mlima. Sasa swali limegeuka: anataka kujua atarudi vipi wakati wa likizo ya Julai.

Abiria wa Treni

Kurudi ni kugumu zaidi kidogo, Maalim, kwa sababu ya boti ya mwisho. Boti za kutoka Dar humalizika jioni mapema, kwa hiyo treni ya mchana haifai, labda kama ana pa kulala Dar. Akate ya asubuhi kabisa, alale kwa ami yake usiku wa kuamkia safari, na asikubali kuagana na marafiki chuoni siku hiyo hiyo.

Nahodha Mstaafu

Na mwezi wa Julai mkondo na upepo vyote vitakuwa mgongoni kwake, boti itakwenda haraka kuliko ilivyompeleka. Lakini mawimbi yanayokuja kwa nyuma huyumbisha kuliko ya mbele, kwa hiyo asile mchuzi wa pweza kabla ya kupanda.